Kibaraza cha vioo chenye fremu za PVC kwa nyumba za Mwanza na mwambao wa ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kibaraza cha vioo ni kitu gani, na kinafaa kweli kwenye joto letu?

Ni veranda iliyopauliwa na kuzungushiwa madirisha makubwa na mlango, ikaunganishwa na nyumba iliyopo. Nchi za baridi hukijenga ili kunasa jua. Mwanza jua halihitaji kunaswa. Mji uko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana joto linazunguka nyuzi 27 hadi 29 karibu mwaka mzima, na mtu anayetaka kibaraza hapa anachotafuta ni kukaa kwenye upepo wa ziwa bila mbu, bila mvua ya kurushwa na bila wadudu wa ziwani kuingia kwenye chai.

Kwa hiyo mpangilio wa mawazo unageuka. Kwanza kivuli, pili upepo, tatu wavu, na kioo kinakuja mwisho. Anayeanza na kioo hujikuta amejenga banda la kukaushia dagaa, kisha ananunua kiyoyozi cha kupoza kosa lake.

Kwa nini PVC na si mbao au alminiamu?

PVC inayotumika kwenye fremu ni ile plastiki ngumu, isiyotiwa kilainishi. Haiozi, haishiki kutu, mchwa hawaili na haihitaji rangi. Mbao kando ya ziwa huvimba wakati wa masika, mlango ukagoma kufunga, halafu hunywea kiangazi na kuacha nyufa. Alminiamu ni nzuri na imara zaidi kwa fremu nyembamba, ila hupitisha joto kwa wepesi na rangi ya bei rahisi huchubuka.

PVC nayo ina udhaifu wake: inatanuka sana. Mita moja ya PVC huongezeka takriban milimita 0.07 kwa kila nyuzijoto moja, wakati alminiamu huongezeka 0.024 na chuma 0.012 tu. Fremu nyeupe ya mita 3 ikitoka nyuzijoto 17 alfajiri hadi 47 kwenye jua kali la saa tisa, imerefuka zaidi ya milimita 6. Fundi aliyeibana kati ya nguzo mbili bila nafasi ataiona imepinda kama upinde, na hiyo haitakuwa hitilafu ya kiwanda. Nusu ya matatizo yaliyo chini ya ukurasa huu yanatokana na namba hiyo moja.

Chagua nyeupe. Rangi ya kahawia au kijivu cheusi inapendeza picha, lakini inanyonya joto, na PVC huanza kulainika kwenye nyuzijoto 80 hivi.

Nikielekeze upande gani?

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba; Juni huwa kaskazini na Desemba kusini, lakini adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 64. Maana yake upande wa kaskazini na wa kusini unakingwa kirahisi: ukingo wa paa uliotokeza sentimita 60 unatia kivuli sentimita 120 za dirisha wakati wa adhuhuri hata jua likiwa limeinama kuliko siku zote.

Magharibi ndiko kwenye kazi. Na nyumba nyingi zenye mandhari ya Ghuba ya Mwanza, kuanzia Capri Point hadi Luchelele, zinatazama huko huko. Kuelekea saa 11 jioni jua liko nyuzi 30 au chini yake. Ukingo wa mita nzima unakinga sentimita 58 tu za juu ya dirisha, na zilizobaki zinaungua. Hapo ukingo wa paa peke yake hautoshi. Weka chiki (mapazia ya vijiti) za nje za kuteremsha, au panda mti umbali wa mita 4 hadi 5, au inua ukuta mdogo hadi sentimita 90 ili kioo kipungue. Mapazia ya ndani yanazuia mwanga machoni, lakini joto limekwisha kuvuka kioo.

Kama unaweza kuchagua, kaskazini au kaskazini-mashariki ndiko kuzuri. Unapata jua la asubuhi, na alasiri unakaa kivulini.

Je, nahitaji kibali?

Ndiyo. Kibaraza chenye msingi na paa ni nyongeza ya jengo, na kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri: Jiji la Mwanza kwa walio Nyamagana, Manispaa kwa walio Ilemela. Utahitaji michoro na nyaraka za umiliki wa kiwanja. Angalia pia umbali kutoka mpaka wa jirani. Kibaraza cha pembeni mara nyingi ndicho kinachovunja masharti hayo.

Kwa walio ufukweni kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kando ya ziwa. Usidhani kwamba nyumba ya zamani iliyo ndani ya mita hizo inahalalisha nyongeza mpya. Sheria pembeni, ziwa lenyewe lilikwisha kutoa somo mwaka 2020 na tena 2024, lilipopanda na kuingia kwenye majengo ya pwani.

Msingi uweje kwenye kiwanja chenye mawe?

Hili ni swali la Mwanza hasa. Kona moja ya kibaraza inakaa juu ya mwamba wa matale, kona nyingine juu ya udongo wa kujazia. Mwamba hautitii, udongo unatitia, na baada ya masika ya kwanza ufa unaonekana kwenye taili na mlango wa kuteleza unaanza kukwama.

Chimba hadi udongo mgumu wa asili pande zote. Palipo na mwamba, chonga uso wake uwe tambarare na weka tabaka la changarawe iliyoshindiliwa la sentimita 15 hivi kati ya mwamba na jamvi (zege la sakafu), ili jamvi lisiegemee ncha moja ya jiwe. Kupasua jiwe kwa kuliwasha moto karibu na nyumba iliyosimama ni hatari: plasta na vioo hupasuka, na ufa wa jiwe unaweza kukimbilia chini ya msingi wa zamani. Tumia patasi na nyundo, au mashine.

Kwa kibaraza cha mita 4 kwa 3, hesabu ya kuanzia ni hii. Jamvi la sentimita 10 ni meta za ujazo 1.2 za zege. Kwa uwiano wa 1:2:4 ni mifuko 8 ya saruji, mchanga zaidi kidogo ya nusu meta ya ujazo na kokoto zaidi kidogo ya meta moja ya ujazo. Zege la mkanda wa msingi, urefu wa mita 10, upana sentimita 60 na kina sentimita 20, ni kiasi hicho hicho tena. Ukuta mdogo wa sentimita 60 kwa tofali za inchi 6 ni tofali 60, pamoja na zitakazovunjika. Tofali za chini ya usawa wa ardhi zihesabiwe peke yake kulingana na kina ulichochimba.

Chini ya jamvi tandika karatasi nzito ya nailoni, ipandishwe pembeni. Ukiiruka, unyevu utapanda na plasta ya ukuta mdogo itaanza kumeguka sentimita 20 za chini.

Na usiufunge ukuta mpya kwa nondo kwenye ukuta wa zamani. Acha mwanya wa milimita 10 hadi 12, ujaze sponji laini, kisha ziba kwa silikoni. Majengo mawili yenye misingi miwili yatacheza tofauti utake usitake.

Fremu za PVC zinaweza kubeba paa?

Hapana.

Paa libebwe na nguzo na mihimili; fremu zijaze nafasi tu. Kwa kipimo chetu cha mita 4 kwa 3, skwea paipu (bomba za chuma za mraba) za milimita 75 kwa 75, unene milimita 3, zinatosha: nguzo tano (mbili ukutani, mbili za kona, moja katikati ya mbele) na mihimili minne. Kwa vipande vya mita 6 ni sita: vitatu vya nguzo, viwili vya mihimili ya mbele na nyuma, na kimoja, pamoja na baki la nguzo ya tano, cha mihimili ya pembeni. Omba akuchoree mpango wa kukata kabla ya kununua.

Pakeni chuma rangi ya redioksaidi ya kuzuia kutu mikono miwili hata kama ni cha mabati, hasa palipochomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea umekwisha kula zinki. Kati ya mhimili na juu ya fremu acha milimita 10. Mhimili huinama kidogo upepo wa dhoruba unapogonga paa, na ukikuta fremu imebanwa, kioo ndicho kinacholipa.

Mbona mafundi wengi wanakosea urefu wa paa?

Kwa sababu hawahesabu mteremko kabla ya kumwaga jamvi. Chukua nyumba ya kawaida ambayo fishabodi yake (ubao wa ukingo wa paa) iko mita 2.5 kutoka sakafuni. Paa jipya linaingia chini yake kwenye mita 2.4. Mteremko mdogo kabisa, wa nyuzi 5, unashuka sentimita 8.7 kwa kila mita. Kibaraza cha kina cha mita 3 kinapoteza sentimita 26, mbele unabaki na 2.14. Toa mhimili wa sentimita 10: 2.04. Mlango wa PVC pamoja na fremu yake unataka 2.10.

Suluhisho lipo, ila ni la mwanzoni. Shusha sakafu ya kibaraza sentimita 15, ngazi moja, na punguza kina hadi mita 2.4. Sasa mteremko unakula sentimita 21 na mbele unapata 2.24 safi. Njia nyingine ni kufumua ukingo wa paa la zamani na kuendeleza kenchi, kazi ambayo ni ghali na inahitaji fundi paa wa kweli.

Usikubali fundi akuambie "tutalaza bati kidogo". Bati lililolazwa hurudisha maji kwenye maungio, na mvua za hapa mara nyingi huja na upepo unaoyasukuma maji kupanda mlima.

Paa la bati, la plastiki inayopitisha mwanga, au la kioo?

Kioo kisahau. Karibu na ikweta jua la adhuhuri linashuka wima, na paa la kioo linageuza kibaraza kuwa tanuri.

Bati tupu ni rahisi, ila lina mambo mawili. Mchana linatema joto kichwani. Alfajiri, baada ya usiku usio na mawingu, hewa yenye unyevu wa ziwa inatoa jasho chini ya bati na kudondosha matone kwenye makochi. Watu huita fundi wa kuziba tundu ambalo halipo. Ukitumia bati, weka sponji ya kuzuia joto chini yake na dari ya PVC, ukiacha sentimita 10 za hewa katikati.

Chaguo tunalolipendekeza ni paneli za bati lenye sponji ngumu katikati, unene milimita 50. Zinapunguza joto, zinapunguza kelele za mvua, na hazitoi jasho upande wa chini.

Polikaboneti, ile plastiki inayopitisha mwanga, yenye vyumba na unene wa milimita 10, inafaa kwa mkanda mmoja wa mwanga wenye upana wa sentimita 60, si kwa paa zima. Upande wenye kinga ya jua uangalie juu. Umeandikwa kwenye nailoni yake, na fundi akiibandua kabla ya kuweka alama, hutaujua tena, na shiti itageuka njano na kuvunjika kirahisi kabla ya muda wake. Vyumba vielekee mteremko. Ncha ya juu izibwe kwa tepu ya alminiamu, ya chini kwa tepu yenye vitundu vya kupumua. Ukiacha wazi, mwani wa kijani utaota ndani ya vyumba na hakuna brashi itakayoufikia. Matundu ya skrubu yatobolewe makubwa kuliko skrubu, kwani nayo inatanuka karibu sawa na PVC.

Maji ya paa kubwa yaende wapi?

Yasidondokee kwenye paa dogo. Upande wa paa wa mita 10 kwa 6 ukipigwa na mvua ya milimita 40 unamwaga lita 2,400. Gata la paa kubwa libaki na liwe na bomba lake la inchi 4 linaloshuka pembeni, ikiwezekana hadi kwenye tanki. Paa la kibaraza lipate gata lake.

Pale paa jipya linapogusa ukuta, kata mfereji wa kina cha milimita 25 kwenye plasta, ingiza ubao wa bati uliokunjwa unaopanda sentimita 15 ukutani, kisha ziba. Kupaka lami au silikoni juu ya rangi bila kukata mfereji hudumu msimu mmoja.

Nitaitambuaje PVC nzuri dukani?

Omba kipande kilichokatwa na ukitazame ncha. Ukuta wa nje wa fremu uwe na unene wa milimita 2.5 na kuendelea. Zile za milimita 1.5 hubonyea ukizibana kwa vidole. Ndani kuwe na vyumba vitatu au zaidi, na kimojawapo kiwe na chuma cha mabati cha milimita 1.2 hadi 1.5. Beba sumaku ndogo: ikikataa kunata kwenye fremu ya mlango, chuma hakimo, na mlango huo utalegea kabla ya mwaka.

Kona ziwe zimeunganishwa kwa joto, ukiona mshono mwembamba wa nyuzi 45, si kwa skrubu na silikoni. Weupe wa PVC unatokana na madini ya titani yanayoikinga na jua; ile iliyopunjwa madini hayo huwa kama chaki ukiipangusa baada ya miaka michache.

Mzigo mwingi hutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori. Kagua mikwaruzo na kona kabla ya kusaini. Ukisubiri mafundi, zilaze tambarare kivulini. Fremu iliyoegemezwa ukutani juani kwa wiki moja inapinda. Nailoni ya kukinga ibanduliwe mara kazi ya plasta na rangi inapokwisha, kwani jua la miezi michache huigandisha na haitoki tena bila kukwaruza.

Fremu zipimwe na kufungwa vipi?

Pima baada ya plasta kukauka, si kabla. Upana upimwe juu, katikati na chini; chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha toa milimita 10 kila upande. Uwazi wa sentimita 180 unapewa fremu ya 178. Pima pia mishazari yote miwili: ikitofautiana zaidi ya milimita 5, rekebisha ukuta kwanza.

Usiagize fremu moja ndefu ya mita 4. Igawe vipande vya mita 2 hadi 2.5 vyenye kiungo kinachoruhusu kutanuka.

Simamisha fremu kwa kabari za plastiki, hakikisha pima maji inakubali pande zote, ndipo utoboe. Skrubu ya kwanza iwe sentimita 15 kutoka kona, zinazofuata zisizidi sentimita 60; upande wa sentimita 150 unachukua tatu, kwenye 15, 75 na 135. Tumia skrubu za fremu za milimita 7.5 zenye urefu wa sentimita 11 hadi 13, za kutoshika kutu. Zikaze hadi ziguse, basi. Anayekaza hadi fremu inalia ameivuta nje ya mstari.

Chini ya reli ya mlango wa kuteleza usitoboe katikati ya njia ya maji. Tumia vishikizo vya pembeni. Mwanya ujazwe povu, likikauka likatwe na lifunikwe, maana jua hulimeng'enya. Mwisho ni silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki hailifai chuma cha mabati na haishiki PVC vizuri. Pua yako ndiyo kipimo.

Kioo kisikae moja kwa moja kwenye fremu. Kinawekwa juu ya vipande vidogo vya plastiki, takriban sentimita 10 kutoka kila kona, ili maji yapite chini yake. Kwenye dirisha la bawaba vipande hivyo hupangwa kwa mshazari kutoka bawaba ya chini, na hilo ndilo linalozuia dirisha kuinama upande wa kitasa.

Madirisha ya kuteleza au ya bawaba?

Ya kuteleza yanafungua nusu tu. Kipimo tunachopendekeza ni uwazi usiopungua robo ya sakafu: kwa meta za mraba 12, uwazi wa 3, yaani meta 6 za madirisha ya kuteleza au 3 za bawaba. Uwazi huo ugawanywe pande mbili. Upepo usiopata pa kutokea hauingii. Juu karibu na mhimili acha vidirisha vya sentimita 20 hadi 30 vya kutoa hewa ya moto, vyenye wavu, vibaki wazi usiku na mchana.

Bawaba zinaziba mvua vizuri zaidi, ila upepo wa ghafla huyabamiza. Weka vishikio vya kuzuia. Upande unaopigwa na dhoruba weka bawaba, pande nyingine weka ya kuteleza.

Kioo cha aina gani?

Milimita 5 au 6 kwa madirisha. Mlangoni, na popote kioo kinaposhuka chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni, weka kioo kilichochomwa, kile kinachovunjika punje punje. Kipimo kiwe sahihi kabla hakijachomwa, kwani baadaye hakikatiki. Kioo cha safu mbili ni fedha ya bure kwenye chumba ambacho madirisha yake yako wazi siku nzima, na mpira wake ukichoka, ukungu unaingia katikati na hautoki. Kioo cheusi kinapunguza mwanga kuliko kinavyopunguza joto.

Wadudu wa ziwani watazuilika?

Kwa sehemu kubwa. Wanapoibuka wakionekana kama moshi juu ya maji, wanafuata taa. Wavu wa kawaida wa mbu unawazuia wengi. Uwe wa fiba au chuma kisichoshika kutu, si waya wa kawaida ambao hubadilika kuwa vumbi jekundu. Tumia taa za njano zisizo kali, na usiku wa wadudu weka taa nyeupe mbali, nje, upande mwingine wa nyumba.

Kazi inabaki asubuhi. Wafagie wakiwa wakavu. Wakishalowa huacha madoa na harufu ya samaki, na mbaya zaidi huziba vitundu vya kutolea maji kwenye reli. Mvua inayofuata inajaza reli na kumwagika ndani. "Dirisha linavuja" ya hapa Mwanza mara nyingi ni hao.

Vitundu hivyo viko wapi?

Chini ya fremu upande wa nje, vya milimita 5 kwa 25 hadi 30, kila sentimita 60 hivi. Mimina kikombe cha maji kwenye reli. Yakitoka nje mara moja ni sawa. Fundi wa taili au rangi huvizibaga bila kujua. Kamwe usipake silikoni hapo.

Ukungu mweusi kwenye kona unatoka wapi?

Chumba kimefungwa siku nyingi. Futa kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa kumi za maji, suuza, na fungua vidirisha vya juu. Usikaushie nguo humo.

Sakafu?

Iwe chini ya sakafu ya nyumba angalau sentimita 5, iteremke nje sentimita 1 kwa mita. Taili zisizoteleza. Usipitishe taili moja juu ya maungio ya jengo la zamani na jipya. Acha mstari wa silikoni, la sivyo itapasuka hapo hapo.

Naweza kupikia humo?

Jiko la mkaa hapana. Gesi yake inaua penye hewa finyu, joto lake linalegeza fremu, na PVC ikishika moto hutoa gesi ya asidi. Umeme ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), soketi juu ya usawa wa ukuta mdogo.

Wezi?

PVC haimzuii mwenye nia. Grili ifungwe kwenye nguzo na ukuta, si kwenye fremu, na sehemu moja ifunguke kwa ndani ili moto ukitokea mpate pa kutokea.

Matengenezo ya mwaka ni yapi hasa?

Kabla ya masika na kabla ya vuli: safisha gata, zibua vitundu, nyonya uchafu kwenye reli, osha fremu kwa maji ya sabuni na kitambaa. Bawaba na vitasa vitie tone la mafuta ya cherehani. Mipira ipakwe mafuta ya silikoni ikikakamaa. Usitumie petroli, tina wala waya wa chuma. Vinaondoa ule uso laini na baada ya hapo vumbi linanata daima. Chunguza silikoni ya nje kila mwaka, ibadilishe inapobanduka.

Nilipe vipi?

Dai bei kwa mchanganuo: msingi, chuma, paa, fremu kwa meta ya mraba, kioo, wavu, vitasa. Katika mkataba taja unene wa PVC, wa chuma cha ndani na aina ya kioo, kwa sababu hapo ndipo punguzo la bei hufichwa. Kabla ya malipo makubwa, mwagia maji kwa mpira dakika kumi kila upande, ukianza chini ukipanda juu, ili ujue kiwango ambacho maji yanaanza kuingia. Asilimia kumi ibaki mkononi mwako mpaka masika ya kwanza yapite.

Fremu yangu imekwisha kupinda. Itanyooka?

Ikiwa imebanwa, ndiyo mara nyingi: legeza skrubu asubuhi ikiwa baridi, kata povu, iache siku mbili, kisha ifunge upya ikiwa na nafasi. Ikiwa haina chuma ndani, badilisha.